Jina Lililoandikwa Mara Mbili

Nyinyi mnaoandika jina la tovuti na ukurasa ukawafungukia kabla hamjameza mate, hebu nipeni masikio kidogo. Nina habari ya nukta. Nukta moja tu, ndogo kama mbegu ya mchicha, niliyosahau kuiandika Jumatatu moja baada ya chakula cha mchana. Miaka imepita, na bado nikisoma barua ya mtu jicho langu hurudi mwisho wa mstari kuhakikisha nukta ipo.

Mimi ni Mwanakombo, mzaliwa wa Msambweni. Nimestaafu, nafuga kuku, na kila asubuhi natafuta miwani ambayo nimeivaa. Miaka yangu ya kazi niliipitisha kati ya majina na namba. Kwanza nilikuwa mpokeaji simu katika hoteli moja ya Diani. Kisha, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikawa mlezi wa majina katika ofisi ndogo ya intaneti pale Ukunda, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Kila wiki mtu mmoja au wawili walipanda ngazi zetu na kitambaa mkononi, wakauliza kama hapa ndipo panaposhonwa.

Aliyenichukua kutoka hotelini alikuwa Bwana Musyoka, fundi wa simu wa siku nyingi, Mkamba wa Shimba Hills. Wazazi wake walipata shamba kule kwenye skimu ya makazi ya serikali, naye akazaliwa mtu wa bara katikati ya Wadigo. Alikuja kutengeneza swichibodi yetu, akamaliza, lakini hakuondoka. Alikaa nyuma yangu akinisikiliza. Mgeni alipiga akisema, "Nipe yule bwana mwenye ndevu nyekundu," nami nikampa chumba bila kufungua kitabu.

"Wewe, hizi namba zote unaweka wapi?" akaniuliza.

"Kichwani, bwana."

"Na mgeni akihama chumba?"

"Naisahau ile ya zamani, naishika mpya."

Akakuna kidevu. "Kushika ni rahisi. Hiyo ya kusahau ndiyo ngumu. Njoo ufanye kazi na mimi."

Sikujua alichomaanisha. Nilikwenda kwa sababu hoteli zilikuwa zimepoa mwaka ule, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kusahau.

Ofisi ile bado naiota. Mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati, pangaboi lilizunguka polepole kama linalofikiri. Mashine zetu mbili zilinguruma kwa sauti moja, ya chini, isiyo na mwisho, na sauti ile ilikuwa inaingia mwilini mpaka usijue inatoka nje au ndani yako. Modemu zilipolia, zililia kama ndege waliogombana, kisha zikapatana, zikanyamaza. Nami nilikaa pale nikiwaza safari ya swali.

Maana jina ni swali, wanangu. Kompyuta haijui majina. Inajua namba tu, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila mashine duniani ina za kwake. Wewe waandika jina kwa sababu wewe ni binadamu, na mahali fulani lazima pawe na mtu wa kulibadilisha jina lako likawa namba. Swali lilitoka Ukunda kwa waya wa simu, likavuka kivuko, likafika Mombasa, likapanda Nairobi, na kutoka Nairobi lilirushwa juu mbinguni kwenye setilaiti, likashuka nchi nisiyoijua. Jibu likarudi njia ile ile. Nilikuwa nafumba macho nikihesabu: moja, mbili... na jibu limeshafika. Nilijiona kama niliyerusha jiwe upande wa pili wa dunia nikasikia lilivyoanguka.

Lakini anayejibu ni nani? Hilo Musyoka hakunifundisha kwa maneno. Asubuhi moja alinipa bahasha.

"Pelekea Bwana Kassim, Kikoneni. Aweke sahihi anataka jina la nyumba zake za wageni."

"Kikoneni wapi?"

"Sijui. Uliza."

Nikaenda. Kikoneni, mwenye duka la kituoni hakumjua Kassim, lakini ukoo wake aliujua. "Hao wako upande wa msikiti," akasema. Msikitini nikamkuta mzee anachota maji ya udhu. Shikamoo, marahaba, na Kassim? Naye nyumba hakuijua, ila alimjua dada yake, yule mama wa mashine ya kusaga. Mama wa mashine akanyoosha kidole chenye unga: "Mlango ule wa buluu." Kassim akaweka sahihi, akanipa madafu mawili, nikarudi.

"Nani alijua njia yote?" Musyoka akaniuliza.

Nikafikiri. "Hakuna."

"Na umefika?"

"Nimefika."

Akachukua karatasi akaandika jina, akaniambia nilisome kutoka kulia. Mwisho kabisa, kulia, kuna herufi za nchi: ke. Kushoto kwake kuna aina ya mwenyewe, co kwa wafanyabiashara, or kwa mashirika. Kushoto zaidi ndilo jina la mwenyewe. Juu ya yote kuna mashine chache za asili, kumi na tatu kwa hesabu ya majina yao. Hizo hazimjui Kassim hata kidogo. Zinajua tu anayeshika daftari la ke. Huyo naye anamjua anayeshika jina la Kassim, na anayelishika jina la Kassim alikuwa mimi, Mwanakombo, juu ya duka la vitambaa. Siku ile nilitembea Ukunda nimeinua kichwa kidogo.

Mwezi uliofuata nikatumwa tena kwa Kassim. Safari hii sikuuliza mtu. Nilipita dukani, nikapita msikitini, nikampungia mkono mama wa mashine, nikabisha mlango wa buluu. Akatoka mwanamke nisiyemjua na mtoto mgongoni. Kassim alikuwa amehamia Vanga kwa wakweze, wiki mbili nyuma.

Musyoka alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ulikumbuka, Mwanakombo! Umekumbuka sana!" Kisha akanieleza. Mashine nayo ikishapata jibu hulihifadhi, isirudi kuuliza kila mara. Kila jibu hupewa umri wake wa kukumbukwa, dakika, siku au wiki, na anayepanga umri ule ni mwenye jina. Umri ukiisha, mashine inasahau, inauliza upya. Laini zetu zilikuwa nyembamba na nzito, basi mimi nikapanga siku saba kwa majina yote. Kwa nini watu wasumbuke kuuliza kila saa? Nilijiona nina busara.

Makosa nilifanya mengi, na mengine yalikuwa ya kuchekesha. Juu ya kila daftari la jina kuna namba ya toleo. Ukibadilisha chochote, uiongeze, maana mashine mwenzetu ya Nairobi, iliyoshika nakala ya madaftari yetu, ilikuwa inatazama namba ile tu: ikiwa kubwa, inanakili, ikiwa ile ile, inarudi kulala. Mara moja nikabadilisha anwani ya hoteli moja nikasahau namba. Kwa siku kumi, waliouliza kwetu walipata ukurasa mpya na waliouliza Nairobi walipata wa zamani. Mke wa meneja na meneja mwenyewe waligombana, kila mmoja na kompyuta yake, kuhusu rangi ya bwawa la kuogelea. Wote walikuwa wanasema kweli.

Nukta ndiyo haikuchekesha.

Kulikuwa na nesi mmoja Msambweni, jina lake Kadzo, mwenye zahanati ndogo ya macho aliyoianzisha mwenyewe. Mtu mfupi, mwepesi, asiyezungumza mara mbili. Alikuwa mteja wetu. Zahanati ilikuwa na jina lake, machomema.or.ke, na barua zake pepe zilifikia kwenye mashine yetu, naye akazichota kwa simu kila asubuhi. Miezi mingi alikuwa akiandikiana na kundi la madaktari wa macho wa Uholanzi. Walikubali kuja kwa wiki moja kuwatoa watu mtoto wa jicho bila malipo. Kadzo akapeleka habari mpaka Samburu kule kwenye barabara ya Nairobi, na watu wakaanza kuteremka, wengine kwa lori za ng'ombe, wameshikwa mikono na wajukuu. Kutoka Mkwiro, kisiwani, akaja mzee mmoja, Mzee Shee, aliyekuwa fundi wa kushona nyavu mpaka macho yalipomkataa. Walilala kwenye mikeka barazani kwa Kadzo wakingoja.

Jumatatu ya wiki ile mashine yetu ya barua ilianza kukohoa. Musyoka alikuwa shambani akipanda. Nikahamisha barua zote kwenye mashine mpya, na kazi iliyobaki ilikuwa kuandika jina la mashine ile katika kila daftari, ili dunia ijue barua zipelekwe wapi. Nilikuwa nimekula wali wa nazi na samaki. Pangaboi lilizunguka. Chini dukani mkasi ulikuwa unapita kwenye kanga, shaa, shaa, nami nikaandika huku nikiwaza setilaiti, jinsi inavyoelea pale juu peke yake bila kuchoka. Nikaandika barua.machomema.or.ke kwenye daftari la Kadzo. Nikafunga daftari. Nikaongeza hata namba ya toleo, nikajipongeza.

Sikuweka nukta mwishoni.

Niwaeleze. Ukiwa nyumbani ukiitwa "Mwanakombo," jina la baba halitajwi, kila mtu anajimalizia. Daftari la majina ni hivyo hivyo. Jina lisilo na nukta mwishoni, mashine hulichukua kuwa la nyumbani, ikaliongezea jina la ukoo. Nukta ndiyo inayosema: hili ni kamili, nimelitaja mpaka juu kabisa, usiongeze kitu. Kwa kuikosa, mimi niliutangazia ulimwengu kwamba barua za Kadzo zipelekwe kwa barua.machomema.or.ke.machomema.or.ke. Hakuna mashine kama hiyo, wala haijapata kuwako.

Jumatano Kadzo akapiga simu. "Bi Mwanakombo, sipati barua za Uholanzi. Kuna tatizo kwako?"

"Hapana," nikamjibu. "Kila kitu kimetulia."

"Nilitarajia majibu jana."

"Labda bado hawajaandika. Wazungu nao wana shughuli zao."

Alhamisi akapiga tena, nikamjibu yale yale, kwa sauti ile tamu ya swichibodi niliyoizoea miaka kumi na moja. Sikufungua daftari. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie kuliko nukta yenyewe. Nukta ilikuwa usingizi wa mchana. Jibu langu lilikuwa kiburi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikasikia nyayo ngazini, za haraka. Kadzo akaingia na sare yake nyeupe, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa faksi, imefika jana yake jioni kwenye hoteli moja ya jirani, ukurasa mmoja kabla laini haijakatika. Daktari mkuu aliandika kwamba barua za Kadzo anazipata, lakini kila jibu lake linarudishwa, limeandikwa kwamba anwani hiyo haipo. Orodha ya lenzi na dawa lazima ifike zahanati, igongwe muhuri wa forodha Mombasa kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Ghala la kwao lilikuwa linaituma kwa anwani moja tu, ile iliyoandikwa kwenye kibali cha serikali. Orodha isipopokelewa kufikia saa sita mchana, vifaa havitapakiwa, na kundi litakwenda nchi nyingine iliyokuwa inawangoja.

"Wanasema mimi sipo," Kadzo akasema. "Niambie, Bi Mwanakombo. Mimi nipo au sipo?"

Nikafungua daftari. Sikuhitaji hata kusoma. Jicho lilikwenda moja kwa moja pale penye uwazi.

"Ni mimi," nikasema. "Ni kosa langu. Tangu Jumatatu."

Nilitamani anitukane. Alivuta kiti akaketi, akakunja mikono, akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeficha dawa.

"Siku mbili nimekuuliza," akasema mwishowe. "Jana usiku niliwasomea ile faksi, maana siwezi kuwadanganya. Kuna mama wa Samburu, Mama Nyevu, amekuja kwa lori na mbuzi. Hajamwona mjukuu wake hata mmoja. Na yule Mzee Shee wa Mkwiro ameondoka alfajiri. Alisema hawezi kungoja watu wasiojua anakaa wapi."

Nikaweka nukta. Nikaongeza namba ya toleo. Nikaamsha mashine isome upya. Ya Nairobi ikanakili. Kisha nikaiuliza mashine ya kule Uholanzi kwenyewe, kama inavyowezekana: barua za Kadzo zinakwenda wapi? Ikanijibu jina lile refu la mara mbili. Bado. Ilikuwa imelikumbuka tangu Jumanne, na umri wa kumbukumbu ile nilikuwa nimeupanga mimi mwenyewe. Siku saba. Ingesahau Jumanne ijayo.

Musyoka akafika saa tatu na gunia la machungwa begani, akatukuta tumekaa kama watu wa matanga. Nikamweleza yote, pamoja na majibu yangu ya simu. Alishusha gunia taratibu.

"Piga kwa watu wa mashine yao," akasema. "Waifute kumbukumbu."

Nikapiga. Nilizungumza na mwanamke wa swichibodi ya kule, Kiingereza chake na changu vikisaidiana, naye, Mungu ambariki, alinitafutia mtu kwa dakika ishirini. Fundi wao hakuwako. Angekuwako Jumatatu.

Saa nne na nusu. Kadzo hakutikisika kitini. Musyoka akamenya chungwa, asile. Mimi nikabaki nikiutazama ule mstari kwenye kioo, lile jina lililojirudia kama mtu anayeita kwenye pango akajibiwa na sauti yake. Barua, macho mema, ke, macho mema, ke. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mawazo hayakuwa na mipaka tena, yanaelea tu. Nikawaza: mashine ile kule inatafuta jina hili. Kila ikipewa barua inakuja kutuuliza, huyu yuko wapi? Nasi tunamjibu, hayupo.

"Bwana Musyoka," nikasema, "anayeuliza jina hili la makosa, anamwuliza nani?"

"Anatuuliza sisi. Linaishia na jina la Kadzo, na daftari la Kadzo ni letu."

"Basi kwa nini tunamwambia hayupo?"

Musyoka akanigeukia na kipande cha chungwa mkononi. Uso wake ukafunguka polepole. "We mama," akasema. "We mama! Andika!"

Nikaliandika. Nikalichukua jina lile la usingizi, refu, lisilo na maana, nikaliweka daftarini kama jina halali, na nukta yake mwishoni, na mbele yake namba ya mashine yetu mpya. Sikumbadilisha mtu kumbukumbu. Nililiumba lile walilolikumbuka.

"Lakini si wameshaambiwa halipo?" Kadzo akauliza. Alikuwa amefuata kila neno.

"'Halipo' haikumbukwi sana," Musyoka akamjibu. "Dakika kumi hivi, inasahau. Watume tena."

Kadzo akaketi kwenye kompyuta yangu akaandika mstari mmoja kwa daktari na mmoja kwa ghala: tumeni tena sasa hivi, tafadhali. Kisha hakukuwa na kazi nyingine. Tulikaa. Adhana ya kwanza ya Ijumaa ikaanza upande wa sokoni, na Musyoka, mtu wa kanisa, alivua kofia akaishika magotini. Mimi nilikuwa nimefungua daftari la mashine ya barua, lile ambalo huandika lenyewe kila kinachoingia. Kioo kilikuwa kitupu. Nikafumba macho nikahesabu kama zamani, moja, mbili, nikifuata swali kutoka nchi ile ya mvua, likipanda, likielea, likishuka Nairobi, likiteremka Mombasa, likivuka maji. Nilifika mia mbili na kitu.

"Bi Mwanakombo," Kadzo akaninong'oneza. "Fumbua macho."

Mstari mmoja. Kisha wa pili. Kisha ikaanza kuingia orodha yenyewe, nzito, kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji, kurasa thelathini na mbili za lenzi, nyuzi na matone. Ilikamilika saa sita kasoro dakika tisa. Kadzo alizichapisha zikiwa bado na joto, akamwandikia daktari neno moja, "Imefika", akatoka mbio kwenda Mombasa na karatasi kifuani. Mlangoni alisimama.

"Kesho uje barazani kwangu," akasema. "Uwaambie mwenyewe."

Nikaenda. Niliwasalimu wazee wale mmoja mmoja, nikawaeleza kwamba madaktari wanakuja, na kwamba walikuwa karibu kuwakosa, na kosa lilikuwa langu. Mama Nyevu alinyoosha mkono akanipapasa usoni, mashavu, paji, masikio.

"Ndiwe uliyepoteza jina letu?"

"Ndimi, mama."

"Na ukalipata?"

"Nikalipata."

"Basi keti. Watu wengi hupoteza tu."

Madaktari walifika Jumapili, wakafanya kazi wiki nzima. Mama Nyevu alipofunguliwa kitambaa aliwatazama wajukuu wake wawili kwa zamu, akasema mkubwa ana masikio ya babake, jambo ambalo inaonekana halikuwa habari njema, maana watu wa Samburu wote waliangua kicheko.

Lakini Mzee Shee hakuja. Nilituma salamu Shimoni, panapovukiwa kwenda Mkwiro, kwa mwenye boti: mwambieni arudi, madaktari wapo. Jibu likarudi kwamba mzee amesema ameitwa mara moja na amerudishwa mara moja, inatosha. Nikaikubali. Nilituma tena? Sikutuma. Nilikwenda mwenyewe? Sikwenda. Nilikuwa na madaftari ya kukagua, na hakika niliyakagua yote, jina kwa jina, nikapunguza umri wa kumbukumbu kutoka wiki hadi siku moja. Madaktari wakaondoka. Yeye akabaki gizani mwaka mzima, kwa sababu yangu.

Hiyo ndiyo sehemu nisiyoisimulia kwenye karamu za kustaafu. Kazi yetu inakuzoesha kudhani kwamba ujumbe ukishatumwa, mtu ameshafikiwa. Mashine zinatosheka hivyo. Binadamu hatosheki.

Mwaka uliofuata kundi liliporudi, sikumtumia mtu salamu. Niliomba ruhusa, nikapanda boti ya asubuhi kutoka Shimoni, nikashuka Mkwiro na kuuliza. Nikaelekezwa kwa mtu, na mtu yule akanielekeza kwa mtu. Nilimkuta Mzee Shee ameketi kwenye kigoda anapitisha vidole kwenye wavu mzee, akihesabu matundu bila kuyaona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi ni Mwanakombo wa Ukunda. Mwaka jana ulirudi bila kutibiwa kwa sababu yangu. Nimekuja kukuchukua."

Vidole vyake viliendelea kupita kwenye matundu. "Umekuja mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Basi nipe kanzu yangu ile iliyotundikwa."

Daktari alimpima, akaniita pembeni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Mwaka mmoja nyuma pengine lingeokolewa, pengine lisingeokolewa, hakutaka kuniapia. La kulia akalifanyia kazi. Siku ya tatu nilimrudisha kwao, yeye na mimi na mwenye boti, saa nne za asubuhi, jua likiwa jeupe juu ya maji. Jicho lake moja lilikuwa bado jekundu, akilikinga kwa kiganja.

Tulipoiacha gati alianza kusema peke yake, taratibu, kama mtu anayeita wanawe ndani ya nyumba ajue nani yumo.

"Mkoko," akasema. Kisha baada ya kitambo: "Korongo." Kisha, "Jiwe. Kamba. Debe la mafuta." Alikitazama kila kitu mpaka akaridhika, ndipo akalitaja jina lake na kwenda kwa kilichofuata. Ukafika mkono wa mwenye boti, ikafika miguu yake mwenyewe. Halafu akageuka, akanitazama kwa muda mrefu kwa lile jicho moja alilobaki nalo.

"Mwanakombo," akasema.

"Labeka, babu," nikamwitikia.